Kimbunga Kisichotazamiwa
(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya maafa ya asili yanayotokea kwa nadra. Nitaanza na moja la pwani yetu, kimbunga kilichoipiga Unguja mwezi Aprili, 1872.

Watu waliamini kuwa vimbunga havifiki karibu hivyo na Ikweta. Hawakuwa wajinga. Kimbunga huzungushwa na mwendo wa dunia inayojizungusha, na nguvu hiyo hupungua kadiri unavyoikaribia Ikweta. Lakini kupungua si kwisha, na Unguja iko nyuzi 6 kusini. Merikebu za Sultani Barghash ziliangamia, na sehemu kubwa ya mikarafuu ikang'oka. Pemba ilisalimika zaidi, ndiyo baadaye ikaongoza kwa karafuu. Mkarafuu hauzai kesho yake, jamani!

Aprili 1952 kimbunga kingine kikaipiga Lindi. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikafika Mafia. Je, tuhesabu miaka tujue zamu ijayo? Hapana. Hapo hata wasomi huteleza.

Wahandisi husema "mafuriko ya miaka mia". Wengi hudhani yakishapita, wajukuu ndio watakaoyaona tena. Sivyo. Tieni mfukoni maharage 99 meupe na moja jekundu. Kila mwaka mnachota moja bila kutazama, kisha mnalirudisha. Jekundu likitoka leo, halikatazwi kutoka mwakani. Mwenye kukaa bondeni miaka 30 ana nafasi kama 26 katika 100 ya kukutana nalo walau mara moja. Nani kati yenu angepanda basi la namna hiyo?

Siku yenyewe hakuna awezaye kuitaja miaka mapema. Setilaiti humwonya mvuvi siku chache kabla, na onyo hilo Sultani hakuwa nalo. Mjenzi hutegemea hesabu ya mfuko, nao haubaki vile vile, kwa kuwa bahari inazidi joto na kumbukumbu zetu za vipimo ni fupi.

Mfuko na maharage nimemwachia mwalimu wa hisabati. Kidato cha Tatu, kila mmoja achote mara 30, akirudisha kila mara. Katika toleo lijalo tuandikieni ni wangapi waliopata jekundu.