Riwaya ya Kihistoria na Msomaji wa Kyimo

1. Utangulizi



Mhadhara huu unahusu riwaya ya Kiswahili na wasomaji wake, hususan riwaya ya kihistoria. Swali linaloongoza mjadala ni hili: je, riwaya inayosimulia wakati uliopita inaweza kumfaa msomaji wa kawaida, mwanafunzi na mhakiki kwa pamoja? Na kama inaweza, ni kwa sharti gani?

Ili swali hilo lisielee hewani, mhadhara unalipa mahali pa kusimama. Mahali penyewe ni Kyimo, kata ya Wilaya ya Rungwe iliyo kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kupitia Tukuyu na kuteremka Kyela. Ni nchi ya migomba, chai na mvua nyingi. Kinyakyusa ndiyo lugha ya nyumbani. Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko na ya ofisi. Msomaji wa mahali kama hapa anakijua Kiswahili vizuri, lakini ni nadra kujikuta ndani ya riwaya zake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba riwaya ya kihistoria ina uwezo mkubwa wa kuwakutanisha wasomaji wa aina nyingi, ila haitafanya hivyo kwa jamii za bara mpaka Kiswahili cha kifasihi kikubali kubeba maneno na adabu za jamii hizo bila kuona haya.

2. Riwaya pendwa, riwaya dhati na mpaka wake

Wahakiki wamezoea kuigawa riwaya ya Kiswahili katika mafungu mawili. Kwanza kuna riwaya pendwa, ya upelelezi na mapenzi, iliyopata nguvu tangu Faraji Katalambulla alipochapisha Simu ya Kifo mwaka 1965, na ikashamiri kwa Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974). Pili kuna riwaya dhati, ambayo kilele chake cha majaribio ni Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi. Ya kwanza husemwa kuwa ni ya abiria wa basi. Ya pili, ya chumba cha semina.

Mgawanyo huu una manufaa, lakini mpaka wake unavuja. Hussein Tuwa alijulikana kwa hadithi za kusisimua, na bado riwaya yake Mfadhili iliingia madarasani na kusomwa na wanafunzi wa sekondari. Shafi Adam Shafi, kwa upande wake, hakuwahi kuwanyima wasomaji wake kisa chenye mvuto, na Vuta N’kuvute (1999) imehakikiwa vyuoni, imefundishwa shuleni, na mwaka 2021 ikatolewa kama filamu iliyoongozwa na Amil Shivji. Riwaya hiyo inasimulia mapenzi na harakati za kupinga ukoloni Zanzibar. Msomaji mmoja huifuata kwa ajili ya mapenzi, mwingine kwa ajili ya siasa, wa tatu kwa ajili ya lugha, na hakuna anayeondoka mikono mitupu.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya riwaya ya kihistoria. Wakati uliopita ni mali ya wote. Mzee huusoma kwa kuulinganisha na aliyoyasikia, kijana kwa kutaka kujua alikotoka, na mtaalamu kwa kuchunguza namna ulivyosimuliwa.

3. Historia ya nani imesimuliwa?

Ukiitazama orodha ya riwaya za Kiswahili zinazohusu historia, visiwa na mwambao vimepata fungu nono. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela (1934) inahusu watumwa waliokombolewa na kuletwa pwani ya Kenya. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979), zote za Shafi Adam Shafi, zinahusu shamba na bandari Zanzibar. Bara halikuachwa kabisa: Mugyabuso Mulokozi aliwaandikia vijana Ngome ya Mianzi, akairudisha vita ya Wahehe dhidi ya Wajerumani; na Kezilahabi, katika Gamba la Nyoka (1979), alivigusa vijiji vya ujamaa. Hata hivyo, maeneo mapana ya bara bado hayajapata mwandishi wake.

Rungwe ni mfano. Mwaka 1891, mwaka uleule Wahehe walipokishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo, wamisionari wa Moravian walifika Rungwe na kuanzisha kituo chao. Lugalo imepata tamthilia, riwaya na nafasi katika vitabu vya shule. Mabadiliko yaliyoingia Rungwe kwa njia ya shule, kanisa na kodi hayana mlio wa bunduki wa kumwita mwandishi, lakini yaligeuza ndoa, ardhi na uhusiano wa baba na mwana. Mambo hayo ndiyo hasa riwaya inayoyaweza kuliko kitabu cha historia.

Si kwamba habari za Rungwe hazikuandikwa. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na Monica Wilson akachapisha Good Company mwaka 1951, kisha vitabu vingine vilivyofuata. Mmisionari Elise Kootz-Kretschmer aliandika simulizi za maisha za watu wa ukanda wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ikiwemo ya Narwimba, mwanamke aliyeonja misukosuko ya zama za biashara ya utumwa. Mwanahistoria Marcia Wright alizichambua upya katika kitabu chake cha mwaka 1993. Lakini vitabu hivi viko katika lugha za kigeni, na viliandikwa kwa ajili ya wataalamu. Mjukuu wa waliohojiwa hana mlango wa kuviingilia.

4. Tatizo la neno

Mwandishi anayetaka kuufungua mlango huo kwa Kiswahili hukwama mapema: hana neno. Kiongozi wa Wanyakyusa aliitwa malafyale. Ukimwita mfalme, msomaji ataona kasri na kiti cha enzi. Ukimwita mtemi, umempeleka Unyamwezi. Ukimwita chifu, umemkabidhi kwa mkoloni kabla mkoloni hajafika. Kila neno lina historia yake, na kila moja linaisukuma hadithi kando ya njia.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Wilson alieleza kwamba wavulana wa Kinyakyusa, wakiwa na umri wa miaka kama kumi hivi, waliondoka kwa baba zao na kuanza kulala katika makazi yao wenyewe, rika moja pamoja, na baadaye wakaoa na kuishi humohumo. Kiswahili kitaita makazi hayo “kijiji”. Lakini kwa Mtanzania aliyesoma baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, neno kijiji lina mwenyekiti, lina ofisi na lina kumbukumbu ya kuhamishwa. Msomaji ataona kitu ambacho mwandishi hakukisema.

Sababu mojawapo iliyotolewa kuhusu utengano huo ni heshima kati ya mkwe mwanamume na mke wa mwanawe. Wawili hao hawakupaswa kukutana ana kwa ana. Heshima hiyo iliingia pia katika ulimi: kwa desturi iitwayo ingamwana, mke alijizuia kutamka jina la baba mkwe wake na hata maneno yanayofanana nalo kwa sauti, akatumia badala yake maneno mengine. Desturi iliyopanga nyumba ndiyo iliyopanga na msamiati.

Kwa mwanariwaya, hii ni hazina na ni mtihani. Mhusika mwanamke anayekwepa maneno fulani kila anapofumbua kinywa ana tamthilia nzima ndani ya mazungumzo ya kawaida. Siku atakayolitamka neno alilokatazwa, kwa hasira au kwa kuwa shule imemfundisha vinginevyo, msomaji atatambua kwamba zama zimegeuka, bila mwandishi kuandika hata tarehe moja. Lakini jambo hilo haliwezekani ikiwa mazungumzo yote yameshanyooshwa kuwa Kiswahili sanifu kisicho na kwao.

5. Je, msomaji wa Unguja ataelewa?

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba kuingiza Kinyakyusa, Kihaya au Kigogo katika riwaya ni kuwafukuza wasomaji wa mahali pengine, na kwamba usanifu ulikusudiwa kuondoa vikwazo vya aina hiyo. Pingamizi hili lina uzito. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na usanifishaji huo umewawezesha watu wa lugha nyingi kusoma kitabu kimoja.

Hata hivyo, msomaji wa Kyimo ambaye hajawahi kuona jahazi ameisoma Kuli. Alijifunza maneno ya bandari kutokana na kisa chenyewe, kwa kuwa kazi, njaa na mgomo vilimweleza maana. Hakuna aliyemwonea huruma kwamba maneno yale ni mageni kwake. Kama yeye aliweza kuvuka bahari kwa kusoma, msomaji wa Unguja anaweza kupanda mlima. Mzigo wa kujifunza ukigawanywa sawa hauwi kikwazo tena.

Sharti ni kwamba neno lije pale tukio linapolihitaji. Neno la lugha ya jamii lililopachikwa kama shanga litamchosha hata Mnyakyusa. Vivyo hivyo, riwaya inayosimama kila ukurasa ili ieleze mila huwa taarifa ya utafiti iliyovishwa majina ya watu. Zaidi ya hayo, mwandishi hana budi kuwahoji hata watafiti anaowategemea: Wilson alifika wakati misheni ilikwisha kuwapo kwa zaidi ya miaka 40, hivyo alichokiona hakikuwa asili isiyoguswa.

6. Mfano wa Kitereza

Njia hii imewahi kupitwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, akiwa ameiandika kwa Kikerewe. Haikupata mchapishaji. Mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili, na hatimaye Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Mwandishi alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Kazi hiyo inathibitisha mambo mawili. Kwanza, Kiswahili kinaweza kubeba kilimo, uvuvi, uganga na adabu za ukwe za jamii ya bara, na kikatajirika kwa kufanya hivyo. Pili, kuchelewa kuna gharama. Kitabu kilisalimika kwa sababu mswada ulitunzwa. Simulizi ambazo hazina mswada huondoka pamoja na wazee wanaozijua.

Hata kazi mashuhuri hukawia. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, inayosafiri kutoka pwani hadi ndani ya bara katika mkesha wa Vita Kuu ya Kwanza, ilitoka mwaka 1994. Ilisomeka kwa Kiswahili kama Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka 2022, baada ya mwandishi wake kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021.

7. Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba wingi wa aina za wasomaji haulazimishi wingi wa vitabu vilivyotengana. Kisa chenye mvuto, historia iliyochunguzwa na lugha yenye kwao vinaweza kukaa katika jalada moja. Kinachohitajika ni kazi ya pamoja: wanafunzi wanaotoka Rungwe na kwingineko wakusanye simulizi za wazee kwa lugha zilizosimuliwa, wanaleksikografia wayape maneno kama malafyale nafasi katika kamusi, wahariri waache kuyafuta kwa kalamu nyekundu, na wenye kupanga mitaala wakumbuke kwamba orodha ya vitabu vya shule ndiyo inayoamua, kwa sehemu kubwa, riwaya ipi itachapishwa tena. Wazee waliosikia habari za vijiji vya marika kutoka kwa waliolala humo wanazidi kupungua, na kazi ya kuwasikiliza haiwezi kuahirishwa kwa miaka mingine 35.