KUCHUNGA WATOTO NI KAZI: maneno yetu kwa vijana na wamama wa Pepa

Leo hatukuja kusema juu ya uchaguzi wala juu ya barabara ya Moba, hata kama ile barabara tutairudilia. Leo tunasema juu ya watoto wa chini ya miaka sita.

Mwaka 2019 Leta ilianza masomo ya primeri bila kulipa, sawa vile kifungu cha 43 cha Katiba kinasema. Ni jambo nzuri, na tutaendelea kudai litimizwe mpaka mwisho. Lakini hapa kwetu kuko watoto wanawake wa miaka tisa, miaka kumi, wanakosa masomo, na haiko tena juu ya minerval. Ni juu ya mtoto mdogo mwenye iko mgongoni. Mama amekwenda kulima maharagi, papa iko mbali, basi yaya ndiye anabaki nyumbani. Na fasi hakuna yaya, mlango unafungwa, watoto wanabaki peke yao na mbabula.

Sheria ya elimu ya 2014 imepanga maternele kwa watoto wa miaka 3 mpaka 5. Sawa. Lakini mwenye mwaka moja na nusu anakwenda wapi? Na maternele yenyewe, ni wazazi wangapi hapa wanaweza kuilipa?

Kuko wenzetu wanasema: mwendo wa wanainchi unaingia namna gani katika mambo ya uji na kamasi? Tunawajibu hivi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda mtoto wa Kongo, na mtoto hana miguu ya kwenda kuidai mwenyewe. Tena, sisi vijana tuko wengi na diplome, na kazi hakuna. Kazi moja iko mbele ya macho yetu, na tunaiacha juu tunaiona ni ya wamama na ya bure.

Hapa Pepa kila mtu anajua mchungaji wa ngombe. Analipwa. Anahesabu asubuhi, anahesabu jioni, na ndama moja ikipotea anaulizwa. Hakuna anayesema ile ni kazi ya bure. Basi mwenye kuchunga watoto kumi kutoka asubuhi mpaka saa tisa, juu ya nini asilipwe?

Fasi ingine wameshaanza. Nairobi, katika mitaa ya watu wa hali ya chini, wamama wengi wanachunga watoto wa majirani nyumbani mwao na kulipwa kwa siku. Shirika moja linaitwa Kidogo halikuwafukuza wale wamama. Liliwafundisha, likawasaidia kupanga nyumba na hesabu zao. Nyumba ni ile ile, jirani ni yule yule, lakini kazi imepata kanuni. Hata sisi tunaanzia kwenye kanuni, na tunaomba mzisikilize moja moja.

Ya kwanza ni usalama. Pepa iko juu kwenye Marungu, kuko baridi, zaidi mwezi wa sita na wa saba, na tunapenda kuingiza mbabula ndani. Katika nyumba ya watoto mbabula haiingii. Gazi ya makala haina harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Mtoto anapewa nguo nzito, supu ya moto na jua la asubuhi. Jiko linabaki inje, na lizungushiwe uzio. Kisima na ndoo vifunikwe. Petroli, dawa za shamba na dawa za binadamu ziwekwe juu, fasi mkono wa mtoto haufiki. Karanga nzima na maharagi makavu hapana kwa wadogo, juu vinaingia puani na kooni.

Watu wazima wawe wawili kila saa. Hakuna mtu anafunga mlango peke yake na mtoto, hata kama ni ndugu yetu, hata kama ni memba wa mwendo. Jioni mtoto anachukuliwa na mtu mwenye jina lake limeandikwa kwenye daftari. Mwingine akikuja, hata akisema ni mjomba, tunangoja mzazi. Mwenye kugusa mtoto vibaya, kuko sheria namba 06/018 ya 2006. Haimaliziki kwa mbuzi mbele ya mzee.

Ya pili ni afya. Mtoto wa chini ya miezi sita hatumupokei, juu anahitaji ziwa la mama peke yake. Wengine waingie na karti ya chanjo. Ile ya surua inatolewa kwa miezi 9. Tukumbuke 2019: surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika inchi yetu, na wengi walikuwa watoto wadogo. Mwenye homa kali, kuhara ao vipele anabaki kwao na anapelekwa kituo cha afya. Akianza kuhara akiwa kwetu, tunamutilia maji wakati tunaita mzazi: litre moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vya kusawazisha, nusu kijiko cha chumvi.

Kunawa mikono hakuhitaji robine. Bidoni ya litre 5 yenye tundu, kamba, kijiti cha kukanyaga na kipande cha sabuni vinatosha. Ni mbele ya kula na nyuma ya choo, mtoto na mchungaji wake. Kalemie wanajua kolera inavyokuja. Tusingoje ipande mlima.

Ya tatu ni furaha, na hii watu wanaisahau. Mtoto haiko gunia la kuweka kwenye kona. Shirika la Afya la Dunia linasema mtoto wa mwaka 1 mpaka 4 acheze na kutembeatembea angalau dakika 180 kwa siku. Haihitaji vitu vya duka. Magunzi ya mahindi yanatosha kujenga nyumba na kuhesabu. Udongo unafanya ngombe. Kuko nyimbo na hadithi za bibi zetu, kwa Kitabwa na kwa Kiswahili. Nyuma ya uji wa saa sita wanalala, kila moja kwenye mukeka wake. Na fimbo hapana.

Sasa franka. Tufanye hesabu ya mfano. Watoto 10, kila moja 500 kwa siku, ni 5,000. Siku tano ni 25,000. Tukitosha 10,000 ya unga, sukari, sabuni na kuni, inabaki 15,000 kwa watu wawili: 7,500 kila moja kwa juma. Hatudanganyi mtu, haiko utajiri. Lakini ni kazi, na mama aliyekwenda shamba siku tano bila mtoto mgongoni analima zaidi. Asiye na franka alipe maharagi wakati wa mavuno, iandikwe kwenye daftari.

Kwa hiyo tunaomba hivi:

Kwa shefu na wazee: mtupatie nyumba moja yenye lupango, na musidai taksi katika mwaka wa kwanza.

Kwa kituo cha afya: munganga ao infirmie apite mara moja kwa mwezi kuangalia karti za chanjo na kupima watoto.

Kwa Leta katika Kalemie: maternele ya watu wote ni mzigo wenu. Nyumba zetu hazifuti deni lenu.

Kwa wazazi: siku nyumba itafunguliwa, mleteni mdogo, na siku ile ile yaya arudi masomoni. Hilo ndilo sharti letu la kwanza. Hatutapokea mdogo kama yaya wake anabaki kukaa nyumbani.

Kwa vijana wenzetu, wanaume na wanawake: mwenye kuwa tayari kujifunza aandikishe jina leo, mbele hatujaachana. Tutaanza na watoto kumi, hatutapita pale mpaka tuwe na watu wazima wengine.

Sasa tunangoja maulizo yenu.