Kopo la Pilipili na Sheria

(Mazungumzo kwa wanakisomo)

Ndugu zangu wanakisomo, leo tuzungumze juu ya kopo dogo, refu kama kidole cha kati, linaloingia mfukoni hata halionekani. Ndani yake mna maji makali ya pilipili yaliyoshindiliwa pamoja na hewa. Ukibonyeza juu, yanaruka mbele hatua chache kama dawa ya mbu. Watu huliita pilipili ya kupuliza.

Nguvu yake mnaijua ninyi kinamama kuliko mimi. Pilipili kavu ikiungua kikaangoni, nyumba nzima hukohoa, hata mgeni aliyeko barazani hutoka. Kile kinachowasha ndani ya pilipili wataalamu hukiita kapsaisini. Kikimpata mtu usoni, macho hufumba yenyewe, kifua hubana, na huchukua nusu saa au zaidi kabla hajaona vizuri. Mwenye pumu anaweza kupata hatari kubwa. Na upepo ukivuma kuja kwako, unajipuliza mwenyewe.

Sasa kwa nini nalileta jambo hili? Mama mmoja alinifuata na simu mkononi. Binti yake yuko Uingereza, anafanya kazi ya kutunza wazee. Kazi inakwisha saa nne usiku, naye hutembea peke yake mpaka kituo cha basi. Mara mbili mtu amemfuata. Mama akasema, "Mwalimu, kuna ndugu anasafiri. Nataka nimpe kopo la pilipili ampelekee mwanangu ajikinge. Vibaya?"

Nikamwambia, mama, usithubutu.

Uingereza wana Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1968. Kifungu chake cha 5 kinataja silaha zilizopigwa marufuku kabisa kwa raia. Humo mna bunduki ya rashasha. Na humo humo mna chombo chochote kilichotengenezwa kurusha maji au hewa ya kudhuru. Kopo la pilipili linaingia hapo. Kulinunua ni kosa, kuliuza ni kosa, kukutwa nalo ni kosa, na kifungo chaweza kufika miaka 10. Polisi wao wanayo, lakini raia hana ruhusa hiyo.

Mtauliza, mbona wakali hivyo kwa pilipili? Jambo hili lina historia. Katika vita vya 1914 mpaka 1918, vile vile vilivyowachukua wazee wetu kuwa wapagazi, majeshi ya Ulaya yalipuliziana hewa ya sumu. Watu walikufa, wengine wakapofuka. Vita vilipokwisha, Waingereza wakaandika katika sheria yao ya mwaka 1920 kwamba chombo cha kurusha hewa au maji ya kudhuru hakitakuwa mikononi mwa raia. Maneno hayo yamerithiwa na sheria iliyopo sasa. Waliokuwa wakiyaandika walifikiria gesi ya vitani, si binti anayetoka kazini usiku. Mimi naona hapo sheria inamwonea kidogo binti. Lakini ndiyo sheria, na hakimu haulizi kwanza ulikuwa na nia gani. Anauliza, "Kopo ulikuwa nalo au hukuwa nalo?"

Wala asifikiri atakwepa kwa kufunga pilipili ya unga katika karatasi. Wana sheria nyingine ya mwaka 1953. Hiyo inasema kitu chochote, hata kisu cha kumenyea viazi, kikichukuliwa njiani kwa nia ya kumdhuru mtu, huwa silaha.

Basi afanye nini? Kuna king'ora kidogo cha mkononi. Ukivuta kamba yake kinalia kwa kelele kubwa, na watu hugeuka kuangalia. Hicho ni halali, chaweza kununuliwa dukani. Na akishikwa, sheria ya huko haimkatazi kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari. Aweza kusukuma, kupiga teke na kupiga kelele. Mama akaniambia amwandikie nini. Nikasema, mwandikie anunue king'ora, tena amweleze msimamizi wake juu ya mtu yule, na polisi pia.

Kwingine mambo ni tofauti kabisa. Ujerumani kopo hilo huuzwa dukani likiandikwa kuwa ni la kufukuzia wanyama, na mtu hulinunua bila leseni. Lakini ukienda nalo kwenye maandamano umevunja sheria. Kanada la kufukuzia dubu ni ruhusa, la kumpulizia mtu ni marufuku. (Hilo la dubu lisiwashangaze. Hata huku kwetu, katika vijiji kadhaa vinavyopakana na hifadhi, wakulima hupaka pilipili kwenye kamba za shamba ili tembo asipite.) Marekani linaruhusiwa katika majimbo yote 50, ila kila jimbo lina masharti yake. Katika jimbo la Massachusetts, mpaka mwaka 2014 hata mtu mzima alitakiwa kwanza kupata kitambulisho cha silaha, ndipo anunue.

Na yule ndugu msafiri je? Yeye angekamatwa kabla ya binti. Kopo hilo haliruhusiwi kuingia nalo ndani ya ndege, na mashirika mengi hulikataa hata katika mzigo. Likipasuka angani, abiria wote na rubani wanakohoa. Kwa hiyo mtu akikupa mzigo umpelekee mwanawe, fungua uone. Soma maandishi. Ndiyo faida ya kujua kusoma.

Tumalizie nyumbani. Anayetaka kununua kopo kama hilo mjini apite kwanza kituo cha polisi aulize, asimsikilize mwenye duka peke yake. Mwenye duka anataka fedha. Na tukiacha kopo, haki ya kujitetea tunayo. Imo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyokifuata. Una haki ya kujikinga wewe, kumkinga mwenzio, na kulinda mali. Lakini nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika. Mtu akihofia kwa kweli kuuawa, kuumizwa vibaya au kubakwa, sheria inamwelewa hata mshambuliaji akifa. Ila ukizidisha, na mtu akafa kwa sababu hiyo, umeua bila kukusudia, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Mwizi akitupa mbuzi akakimbia, nawe ukamfukuza na panga mpaka bondeni ukamkata kisogoni, hapo hujitetei tena.

Haya, mwenye swali anyoshe mkono.