Nyumba Yenye Jina la Marehemu



Nimeombwa niseme juu ya kujiandaa mapema kujenga tena nyumba baada ya kimbunga. Nitachukua mfano wa mji wa New Orleans, nchini Marekani. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliipiga pwani ile. Kuta za kuzuia maji zikabomoka, na kiasi cha asilimia 80 ya mji kikafunikwa na maji. Habari za mafuriko hayo zilienea duniani kote. Hazikuenea sana habari za mateso yaliyofuata mbele ya meza za maofisa.

Serikali ilitenga ruzuku ya kuwasaidia wenye nyumba, katika mpango ulioitwa Road Home. Mwombaji alipaswa kuthibitisha kwamba nyumba ni yake. Hapo familia nyingi, hasa za Wamarekani Weusi, zilikwama. Babu alijenga, babu akafariki, mirathi haikufunguliwa mahakamani, wajukuu wakaendelea kukaa humo kwa amani. Kila jirani alijua kuwa ni kwao. Daftari la serikali lilimtaja marehemu.

Tena palikuwa na udhalimu ambao hata hati kamili isingeuzuia. Ruzuku ilipimwa kwa thamani ya nyumba kabla ya kimbunga au kwa gharama ya kuitengeneza, ikachukuliwa iliyo ndogo. Katika mitaa ya Weusi bei za nyumba zilikuwa za chini. Lakini je, saruji na misumari humpunguzia mtu bei kwa sababu ya mtaa wake? Wenye nyumba walishtaki mwaka 2008, na mwaka 2011 mapatano yakafikiwa. Miaka sita tangu maji yalipoingia!

Kuhusu bima nitasema kwa kifupi: kule bima ya kawaida ya nyumba hailipii mafuriko. Ya mafuriko hukatwa peke yake, na kwa kawaida huanza kutumika baada ya siku 30. Anayengoja tangazo la redio amechelewa.

Pwani yetu ya Tanzania nayo ilikabiliwa na kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024, na nyumba za urithi zisizo na msimamizi wa mirathi twazijua vijijini mwetu. Basi katika mkutano ujao wa jumuiya, kila familia iulizwe: hati ina jina la nani, na nakala yake pamoja na picha za nyumba zimehifadhiwa kwa ndugu yupi aishiye mbali na bahari? Wajane waulizwe kwanza.