Eliya chini ya mti

Lithiamu ya Manono, hapa jimboni kwetu, inagombaniwa na makampuni ya kigeni kwa ajili ya betri. Simu nazo zinatuletea picha za Ulaya: magari, nyumba, ndugu wanaocheka. (Siku wanayolia hawapigi picha.) Kijana wa Kalemie anazitazama usiku kucha, asubuhi anajiona si kitu. Akikosa usingizi, akikataa chakula, tunasema haraka: ana pepo.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya aliomba afe. Malaika hakumkemea, alimletea mkate na maji, Eliya akala, akalala tena. Basi ombeeni kijana wenu, kaeni naye, mpelekeni pia kwa daktari. Msimwamuru kufunga, siku tatu hajala.