Muuguzi wa Kijijini Asikatiwe Ngazi



Jina la Mtendeli, katika Wilaya ya Kakonko ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Kibondo, lilisikika mbali mwezi Januari 2016. Kambi yake ilifunguliwa upya kuwapokea ndugu zetu wa Burundi, Nyarugusu ya Kasulu ilipokuwa imefurika. Kambi hiyo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2021, na waliokuwamo wakahamishiwa Nduta. Lakini somo lake limebaki: watu wanapowasili kwa maelfu, wakiwamo wajawazito na watoto wenye malaria, anayewapokea kwanza si daktari bingwa, bali ni muuguzi.

Somo hilo linatuhusu sisi wenyeji vilevile. Mama anaposhikwa na uchungu usiku, mwenye kuamua katika zahanati kama asubiri au akimbizwe hospitali ya wilaya ni muuguzi huyo huyo. Mara nyingi elimu yake ya kazi ni astashahada ya miaka miwili. Sisemi hivyo kwa kumdharau, maana huyo ndiye nguzo ya afya vijijini. Swali langu ni hili: akitaka kusoma hadi shahada, je, tumemwachia njia?

Kwa maandishi, njia ipo. Mwenye astashahada huajiriwa akiwa Muuguzi. Mwenye stashahada, Afisa Muuguzi Msaidizi. Mwenye shahada, Afisa Muuguzi. Kabanga, Kasulu, kuna chuo cha uuguzi. Muhimbili imefundisha shahada ya uuguzi tangu mwaka 1988. Tena mwenye stashahada iliyofikia wastani wa 3.0 aweza kuomba nafasi ya shahada bila kupitia kidato cha sita.

Hata hivyo, ngazi hii hukatika mahali pawili, na mahali hapo pote pamo mikononi mwenu.

Pa kwanza ni darasani. Chuo cha uuguzi humwuliza mwombaji matokeo yake ya kidato cha nne ya kemia, baiolojia na fizikia. Binti anayeambiwa akiwa kidato cha pili kwamba kemia si ya wasichana amekwisha kufungiwa mlango ambao yeye mwenyewe bado hajauona. Ndugu mwalimu, unapomfundisha mtoto huyo kupima na kuchanganya kemikali, unamfundisha muuguzi wa kesho kupima dawa.

Pa pili ni ofisini. Shahada huchukua miaka minne. Zahanati yenye muuguzi mmoja ikimruhusu aende, nani atawazalisha kina mama? Mkuu wake akikataa, hakatai kwa chuki. Anatazama orodha ya watumishi na kuona pengo. Lakini muuguzi anayekataliwa kila mwaka hatimaye huvunjika moyo, au huacha kazi. Basi tunampoteza palepale tulipodhani tunamhifadhi.

Majirani zetu walitafuta dawa ya ugonjwa huu. Mwaka 2005 Kenya, ikishirikiana na AMREF, ilianzisha mpango wa kuwaendeleza wauguzi wa cheti wapatao 22,000 hadi stashahada kwa masomo ya kompyuta, wakiwa kazini. Mapema zaidi, mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza kuwafundisha wauguzi walio kazini katika Kenya, Uganda na Tanzania. Mipango hiyo ilithibitisha kwamba si kila anayetaka kusoma lazima ahame kituo chake.

Kweli, uuguzi haujifunzwi kwa kitabu peke yake. Wodi ni darasa pia. Kwa hiyo kila halmashauri haina budi kupanga zamu ya masomo: nani aende mwaka huu, nani amshikie nafasi, nani afuate. Zamu hiyo ibandikwe ukutani, ili ruhusa isiwe fadhila ya mtu kwa mtu.

Naye anayesomeshwa ana deni. Shahada itakayomwondoa kitandani pa mgonjwa na kumpeleka mezani mjini haitakuwa imemsaidia mama wa Mtendeli. Arudi, awafundishe wenzake, asimamie wodi kwa maarifa mapya.

Tukimwekea muuguzi wetu ngazi imara, hatampanda mtu begani ili afike juu. Atapanda yeye, na wagonjwa wetu watanyanyuka pamoja naye.