Kibena Hakina Kosa

Kijana wa Kitandililo, mkoani Njombe, anapofika chuo kikuu na matamshi yake ya Kiingereza yakachekwa, lawama huangukia lugha yake ya nyumbani, Kibena. Lawama hiyo haina msingi. Kiswahili, lugha aliyofundishiwa shule ya msingi ya serikali, kina irabu 5, na mkazo wake karibu siku zote hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, na mkazo wake huhamahama bila kuaga. Ndiyo maana "ship" na "sheep" humtoka kinywani zikiwa pacha, awe amekulia Makambako au Kariakoo. Tena Kiingereza amekisoma kwa macho zaidi ya masikio: mtihani wa kidato cha nne hupima kalamu, haupimi ulimi.

Wapo watakaosema lafudhi si dhambi, mradi mtu aeleweke. Kweli, na hakuna haja ya kumgeuza Mbena kuwa Mwingereza. Lakini mkazo ukikosewa, msikilizaji mgeni hupotea. Huko kueleweka ndiko kunakokosekana. Kwa hiyo vyuo vipunguze mihadhara ya nadharia ya fonetiki, viongeze saa za kusikiliza na kusema, na mazungumzo yatahiniwe kwa alama.